Sura ya Kumi na Moja: Hakuwa Yeye

"Mtazame vizuri," alisema mama wa dawati la kadi pale benki, akaigeuza skrini ya kompyuta. "Usiwe na haraka. Unamjua?"

Dokta aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Kwenye picha ya kamera ya ATM alikuwapo mtu mfupi, mnene, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, shingo imezama mabegani kama ya kobe. Mkononi alikuwa na kadi nyeupe, isiyo na jina wala nembo.

"Simjui," alisema. "Simjui huyu mtu. Hakuwa yeye."

"Hakuwa nani?"

Dokta alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Watu wa mtaani walimwita Dokta, ingawa udaktari hakuwa nao. Alikuwa mfamasia, wa kuhesabu vidonge na kuandika juu ya bahasha mara ngapi kwa siku. Lakini mgonjwa akipona haulizi cheti, na jina lilikuwa limemganda. Wiki mbili na siku tatu nyuma, Dokta huyu alikuwa na mchumba, alikuwa na ukumbi wa harusi uliosubiri kulipiwa, na alikuwa na akaunti ambayo yeye na mchumba wake walikuwa wakiijaza kidogo kidogo kwa miaka miwili. Akaenda kulipia ukumbi. Kadi ikakataa. Akadhani mashine ni mbovu, akaichomeka tena. Ikakataa tena. Alipouliza benki akaambiwa kilichobaki ni cha kununulia chumvi. Hela zilikuwa zimetolewa kwa siku tatu mfululizo, kwenye ATM moja tu, ile iliyo chini ya jengo la ghorofa kumi na mbili. Na jengo hilo ndiko mchumba wake, fundi wa lifti, alikokuwa akifanya kazi.

Namba ya siri naye aliijua. Dokta mwenyewe ndiye aliyempa, mwaka uliopita, alipoteguka mguu akashindwa kutoka kitandani. Fundi alikataa kuipokea. "Niambie unataka kiasi gani, nitatoa kwangu, utanirudishia," alisema. "Siri ya wawili si siri." Dokta akacheka, akamvuta shingo, akamnong'oneza zile tarakimu nne sikioni, mdomo wake ukigusa ngozi yake. Fundi akatoka kwenda benki huku anajipangusa sikio na kutabasamu peke yake njia nzima.

"Kadi yako ilinakiliwa," mama wa dawati alikuwa akieleza. "Wanaipitisha kwenye kidude kidogo hivi, kama kiberiti. Kinanyonya taarifa zote, halafu wanazihamishia kwenye kadi tupu kama hiyo unayoiona. Namba ya siri wanaipata kwa kukuchungulia unapobonyeza. Wewe ni wa tano mwezi huu, na wote watano mlinunua kitu kwenye duka moja. Duka la viatu."

Dokta alikumbuka. Viatu vya harusi. Vyeupe, vya kisigino kifupi. Alikuwa na mama yake siku hiyo. Muuzaji, kijana mcheshi mwenye meno ya kuvutia, alisema mashine yao haishiki mtandao pale mbele, akaomba kadi aende nayo nyuma ya pazia. Dokta alisita, mama yake akasema, "Mpe bwana, tunachelewa, jua lote hili!" Kadi ikapotelea nyuma ya pazia, ikarudi pamoja na mashine, naye akabonyeza namba zake huku akicheka na mzaha wa muuzaji.

"Juu ya kaunta walificha kamera ndani ya boksi la viatu," mama wa dawati aliendelea. "Polisi wameshalichukua."

"Kwa nini wakatolee pale? Kwenye lile jengo?"

"Duka si liko mtaa wa nyuma yake, mwanangu? Mwizi naye hapendi kuchosha miguu." Mama akasukuma mbele barua na bahasha yenye kadi mpya. "Benki itazirudisha zote. Weka sahihi hapa. Sasa nisikilize, maana sitaki kukuona tena kwa shida hii. Kadi isitoke machoni pako. Mtu akitaka kwenda nayo nyuma, mwambie alete mashine mbele, akishindwa mwachie bidhaa yake uondoke. Ukibonyeza namba, funika kwa mkono, hata kama aliye pembeni yako amekuzaa. Na meseji za benki uziwashe leo hii. Mnakwepa ile ada ndogo ya mwezi, kumbe ungepata habari mwizi alipochukua mara ya kwanza. Ungepiga simu, tungeifunga kadi, siku mbili zilizobaki angeambulia patupu."

Dokta aliweka sahihi. Herufi zilimcheza machoni, na tone likaangukia kwenye karatasi.

"Pole, ni furaha," mama wa dawati alisema, akamsogezea boksi la tishu. "Wengi wanalia hapa zikirudi."

*

Hakulia kwa furaha. Mawazo yake yalikuwa yamerudi kwenye sebule ya nyumbani kwao, siku ya tatu baada ya wizi, mbele ya Mjomba.

Mjomba alikuwa karani wa mahakama. Alistaafu yeye, kesi hazikustaafu. Na Fundi hakuwahi kumpenda. "Mtu anayepanda na kushuka kutwa nzima," alizoea kusema, "jioni ukimtafuta yuko palepale chini." Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha peke yake, Mama kulia, kaka mkubwa wa Dokta kushoto, akamhoji Fundi kuanzia siku ya kwanza aliyokanyaga nyumba hiyo.

Dokta alijaribu kumtetea. "Mjomba, na hela zake zimo humohumo. Atajiibiaje?"

"Anayetaka kuvua papa hutupa dagaa," Mjomba akajibu. "Namba ya siri aliijua, hakuijua?"

"Aliijua."

"Mashine iko chini ya miguu yake, haipo?"

"Ipo."

Fundi hakumjibu Mjomba hata mara moja. Alilifungua mwenyewe begi lake la kazi, akamwaga vilivyomo juu ya meza: bisibisi, kopo la grisi, mkate uliobanwa kwenye karatasi. Kisha akamgeukia Dokta.

"Wao siwaulizi," alisema polepole. "Nakuuliza wewe. Unaamini nimekuibia?"

Mama akajivutavuta upindo wa nguo. Dokta alikuwa hajalala siku mbili, masikioni mwake maneno ya nyumba nzima yalikuwa yakizunguka kama nzi. Akayaangalia maua ya zulia.

"Sijui," alisema.

Fundi alikusanya vitu vyake kimoja kimoja, mkate akauweka juu usibondeke, akaaga kila mtu kwa heshima yake, akatoka. Tangu siku hiyo, kila Dokta alipompigia, simu iliita mpaka ikakata.

*

Kutoka benki hadi lile jengo ni mwendo wa dakika kumi. Dokta alitumia tano.

"Lifti zimesimama zote," mlinzi wa mapokezi alimwambia. "Fundi yuko ghorofa ya tisa. Muwahi, leo ndiyo siku yake ya mwisho."

"Ya mwisho kivipi?"

Mlinzi akajifanya anatafuta kitu kwenye daftari lake.

Alipanda ngazi zote. Ghorofa ya sita mguu uliowahi kuteguka ulianza kulalamika, ya nane akawa anashika ukuta. Ya tisa alimkuta amepiga goti mbele ya mlango wa lifti uliofunguliwa nusu, tochi ameibana kwapani, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, mtu wa ofisini alikuwa ameketi akichezea simu. Fundi hakugeuka.

"Umepanda ngazi zote hizo na mguu ule?"

"Umejuaje ni mimi?"

"Unakohoa ukichoka." Alijifuta mikono kwa kitambaa, akapindua ndoo, akaipangusa juu. "Kaa." Akamkabidhi chupa yake ya maji. Dokta akanywa; chupa ilikuwa na joto la mkono wake.

Yule mtu wa kwenye kiti alitazama mmoja, akatazama mwingine, akainuka, akaenda kusimama mwisho wa korido.

"Wameona picha ya mwizi," Dokta alianza kwa pupa. "Mtu mnene, kofia. Kadi waliinakili kule nilikonunua viatu. Fundi, hukuwa wewe!"

"Najua sikuwa mimi."

Dokta alikifunga kifuniko cha chupa, akakifungua tena.

"Wanazirudisha?" Fundi aliuliza.

"Zote. Na zako zimo."

"Vizuri. Zangu utanitumia. Sizikatai, nilizitolea jasho."

"Usiongee nami kama mteja." Dokta alishuka kwenye ndoo, akapiga goti kwenye vumbi palepale. "Nisamehe. Sikuwa na akili siku ile. Walinizunguka, sikulala, sikula. Nipige, nitukane, fanya lolote, lakini usiniangalie hivyo."

"Inuka, Dokta. Nguo yako itashika grisi."

"Ishike! Mlinzi anasema leo ni siku yako ya mwisho. Unaenda wapi?"

Fundi alimtazama kwa muda. "Kaka yako hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Alikuja hapa. Keshoyake baada ya kikao chenu. Alimwambia meneja wa jengo mnayemweka ndani ni mwizi." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayesoma orodha ya vipuri. "Fundi wa lifti anafika kila ghorofa. Ufunguo wangu ulikuwa unafungua milango ambayo meneja mwenyewe hajawahi kuifungua. Niliambiwa niuweke mezani. Hawakunifukuza, hapana, ni watu wastaarabu. Walinipa mtu wa kutembea nyuma yangu. Yule pale. Nikienda chooni ananisubiri mlangoni."

"Sikujua," Dokta alinong'ona. "Haki ya Mungu, sikujua."

"Naamini."

Alilisema upesi, bila kupima wala kuuliza zaidi, na Dokta alihisi kama sindano imepita katikati ya kifua. Neno hilohilo moja ndilo aliloombwa kwenye sebule ya nyumbani kwao, akashindwa kulitoa.

Ndani ya tundu la lifti waya ulilia kidogo, ukatulia.

"Siku ile nilikuwa na karatasi," Fundi alisema hatimaye. Akagusa mfuko wa shati. "Humu. Karatasi ya zamu, ina sahihi na muhuri. Siku mbili kati ya zile tatu sikuwa hapa kabisa, nilikuwa hospitali ya upande wa pili wa mji, lifti ya wagonjwa ilikwama. Mjomba wako angeisoma, kesi ingekwisha."

Dokta aliinuka taratibu. "Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukakaa kimya? Ukawaacha wakutukane, ukaniacha mimi nikiungua, na karatasi iko mfukoni?" Hasira ilimpanda ghafla, ikamfuta machozi. "Kwa nini hukuitoa, Fundi? Ungetuokoa wote wawili! Hicho ni kiburi, si kingine!"

"Labda ni kiburi," alikubali. "Nimejiuliza mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeketi pale nasema moyoni, ataniambia sihitaji karatasi. Mjomba atasema lake, kaka lake, ila huyu ataniambia sihitaji karatasi. Nilikuwa nangoja hilo tu. Ungelisema, ningeitoa hapohapo nikawapa waisome, nikala na mkate wangu."

Dokta alijifunika uso. Mabega yalimtikisika. Mkono wa Fundi ulinyanyuka, ukafika karibu kabisa na nywele zake, kisha akautazama ulivyojaa grisi, akaurudisha.

"Hunipendi tena?" Dokta aliuliza kutoka nyuma ya viganja.

"Nakupenda. Juzi nilisikia mtu anakohoa kwenye ngazi, nikaacha kazi nikachungulia. Hakuwa wewe."

"Basi turudi tulipokuwa! Mama atakuja kwenu kuomba radhi. Mjomba nitamleta mimi mwenyewe, nimburute. Kaka..."

"Sikiliza." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Tukioana, kuna siku utapotelewa na kitu. Hereni, noti, ufunguo. Kila nyumba vitu vinapotea. Mimi siku hiyo sitakitafuta. Nitakuwa nakuangalia wewe, nione umenitazamaje. Nimejaribu kuiwaza nyumba yetu bila hilo, kila usiku najaribu, sijaweza. Nitakuwa mume mbaya, Dokta. Wa kukuchungulia macho."

"Sitakutazama vile. Naapa."

"Wewe huenda usinitazame. Mimi ndiye nitakayeona."

Dokta aliuangalia ule uso alioutamani kila asubuhi kwa miaka miwili, ndevu hazijanyolewa, jicho la kushoto lina wekundu, na akajua kwamba hata akikaa pale mpaka ofisi zifungwe, mtu huyu hatabadilika.

"Unaenda lini?"

"Kesho. Kuna kampuni mji mwingine, hawanijui kwa lolote. Wamesema watanipa ufunguo siku ya kwanza." Alitabasamu kidogo, tabasamu lililokatika kabla halijafika machoni. Kisha akaufungua mlango wa lifti wote, akaingia, akabonyeza kitu, taa ikawaka. "Imepona. Shuka nayo, usiuumize mguu."

"Nitapanda na kushuka nayo mpaka jioni," Dokta alisema, "ukinikataza kuondoka."

Fundi hakumkataza kuondoka. Dokta akaingia. Fundi alinyoosha mkono ndani, akambonyezea kitufe cha chini kwa kifundo cha kidole, ili asikichafue, akarudi nyuma hatua moja. Walitazamana mpaka milango ilipokutana.

*

Nyumbani Mjomba aliisoma barua ya benki kwa sauti, mara mbili, na mara ya pili alisimama.

"Mungu hamtupi mja wake! Zote, mpaka senti!"

"Mwizi alikuwa mtu mwingine," Dokta alisema. "Waliinakili kadi kule kwenye viatu. Pale nyuma ya pazia, Mama."

Mama aliyekuwa akishangilia alinyamaza. Alikumbuka. Mkono wake ulienda mdomoni, ukabaki hapo. Kaka mkubwa, alipoulizwa alikwenda kutafuta nini kwa meneja wa jengo, alisema alikuwa anamlinda dada yake, akatoka nje na hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

"Basi tumwite kijana, tuyamalize kikubwa," Mjomba alisema. Alimpigia kwa simu yake mwenyewe, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie, akakohoa kusafisha koo. Simu ikapokelewa mara moja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekukosea. Ukweli umejulikana, nami kama mkubwa wa nyumba nakuomba radhi."

"Yamekwisha, Mjomba. Nimesamehe. Msalimie Mama, na Kaka pia."

"Umeona! Sasa mwenzio yuko hapa pembeni yangu, ongea naye."

Simu haikukatika. Huko upande wa pili ulisikika utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa, mtu akifunga maboksi. Dokta alisogea mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Tumeshaagana, Mjomba," sauti ilisema. "Alifika salama? Mguu haukumsumbua?"

"Alifika."

"Haya. Asante kwa kunipigia."

Mjomba aliirudisha simu mfukoni, amechangamka. "Mnaona? Kasamehe papo hapo, wala hakubembelezwa. Muungwana yule. Mimi nilisema siku zote."

"Nyamaza, kaka yangu," Mama alisema. "Nakuomba, nyamaza."

Dokta alikuwa ameshaingia jikoni. Alilifungua bomba la sinki mpaka mwisho, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, kelele ya maji ikifunika ile sauti iliyokuwa ikimtoka kifuani. Alisugua sufuria moja muda mrefu. Mama akaja nyuma yake, akanyoosha mkono juu ya bega lake, akalifunga bomba.

"Lia kwa sauti, mwanangu," alisema. "Hakuna tena wa kumficha."